Barua ya malalamiko: Safari ya wanafunzi Vienna, Venice, Florence na Roma

Mratibu wa Safari ya Mafunzo,
Idara ya Historia,
Dar es Salaam.

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Uwakala wa Safari,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO NA MADAI YA MAREJESHO YA FEDHA, SAFARI YA MAFUNZO YA WANAFUNZI BARANI ULAYA

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya wanafunzi wa mwaka wa tatu mliowapeleka Ulaya kupitia kampuni yenu. Wengi wao walilipa kwa awamu, na baadhi walichangiwa na ukoo mzima. Tangu turudi, wazazi wananipigia simu mimi, si ninyi. Nami nilipompigia ofisa wenu wa mauzo alinijibu kwamba "mambo ya Ulaya hayatabiriki", akakata simu. Ni jibu hilo lililonikalisha kuandika barua hii, maana karibu kila kilichoharibika kilikuwa kinajulikana kabla hatujapanda ndege, na kingine kilikuwa kimebandikwa mlangoni.

Nianze na Florence, kwa kuwa huko ndiko wanafunzi walikokata tamaa.

Ratiba yenu, yenye nembo na muhuri, inasema: Jumatatu, asubuhi Uffizi, mchana Galleria dell'Accademia. Makumbusho yote mawili hufungwa Jumatatu. Siku hiyo hapakuwa na mgomo wala dharura yoyote. Ndivyo yanavyofanya kazi wiki baada ya wiki. Tulifika Uffizi tukakuta mlango umefungwa na uwanja kama wa shule wakati wa likizo. Mwongoza watalii mliyetukabidhi wala hakushtuka. Alitupeleka hadi Piazza della Signoria, akanyoosha kidole kwenye sanamu iliyosimama mbele ya Palazzo Vecchio, akasema, "David wenu huyo hapo." Simu zikatoka mifukoni, picha zikaanza.

Binti mmoja aliyekuwa ameandika makala ya darasani juu ya Michelangelo, mchongaji wa David, akauliza, kwa adabu kabisa, kama sanamu halisi haikuhamishwa mwaka 1873. Ilihamishwa kweli. Iliyopo uwanjani ni nakala, imewekwa pale mwaka 1910. David mwenyewe, aliyechongwa kati ya 1501 na 1504, jitu la marumaru lenye urefu unaozidi mita tano, alikuwa ndani ya Accademia iliyofungwa, mwendo wa kama robo saa kwa miguu kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Mwongozaji akajibu kwamba tofauti haionekani. Ndugu Meneja, kama ni suala la kuona kitu kinachofanana na David, picha zimejaa kwenye simu, na hazihitaji viza.

Mngetuacha Venice hadi Jumatatu mchana, tukaingia Florence Jumanne, tungeona kila kitu. Hakuna gharama ambayo ingeongezeka. Ilihitajika mtu mmoja ofisini kwenu afungue tovuti ya makumbusho asome saa za kazi.

Venice nako kuna kisa chake. Mkataba unasema "hoteli Venice". Tulilala Mestre, bara, ambako ili uone mfereji hata mmoja lazima upande treni au basi uvuke daraja. Nilipolalamika, mwakilishi wenu alinieleza kwamba kisheria Mestre ni sehemu ya manispaa ya Venice. Ni kweli, sibishi. Lakini asubuhi yake huyohuyo alikusanya euro 5 kwa kila mwanafunzi, akisema ni ada ya kuingia Venice wanayotozwa wageni wa siku moja. Ada hiyo ipo, ilianza Aprili 2024, na Jumapili yetu ilikuwa miongoni mwa siku zake. Ila anayelala hoteli ndani ya manispaa ya Venice hatozwi. Anajiandikisha tu kwenye mtandao na kupewa msimbo wa msamaha. Sasa mchague moja. Kama Mestre ni Venice, zile euro 5 zilikusanywa kwa sababu gani, na ziko wapi? Na kama Mestre si Venice, hoteli mliyotuuzia iko wapi? Hamwezi kula huku na huku. Sikupewa risiti ya fedha hizo hadi leo, na naomba ifahamike kwamba niliiomba mbele ya wanafunzi.

Isitoshe, tangu 2024 jiji hilo limepiga marufuku vikundi vya watalii vinavyozidi watu 25 kwa mwongozaji mmoja, na vipaza sauti haviruhusiwi. Sisi tulijaza basi, ninyi mkaleta mwongozaji mmoja, tena na kipaza sauti chake mkononi. Alipotuhesabu tulipofika Piazza San Marco akasema hawezi kuhatarisha leseni yake kwa ajili yetu, na simlaumu hata kidogo. Akachukua nusu ya kundi. Nusu iliyobaki ilikaa kwenye ngazi za uwanja hadi walinzi walipokuja kuwainua, kwa kuwa hata kukaa pale hairuhusiwi. Waliolipa ni wote, waliosimuliwa historia ya Kasri la Doge, mtawala wa Venice ya zamani, ni nusu.

Kuhusu basi sitasema mengi. Dereva alikuwa mtu mwema na ndiye pekee katika safari nzima aliyefuata kanuni. Ratiba ilitaka tuzuru kasri la Schönbrunn asubuhi, tuondoke Vienna saa saba mchana, na jioni hiyohiyo tupande gondola, zile mashua za mifereji ya Venice. Ni kama kilomita 600. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka dereva wa basi apumzike dakika 45 kila baada ya kuendesha saa nne na nusu. Alipoegesha karibu na Villach, bado tukiwa Austria, vijana walianza kunung'unika kwamba anatuchelewesha makusudi, mpaka akawaita wawili mbele na kuwaonyesha kile kifaa kinachorekodi mwendo na saa za kuendesha, namba zikihesabu zenyewe. Polisi wakikisoma, anayelipa faini ni yeye. Tulifika Mestre usiku, jiko limeshafungwa na chakula cha jioni tumekikosa, na gondola mpaka leo tunazisikia tu.

Roma. Hapa nina mambo mawili ambayo ninaomba majibu yake kwa maandishi.

La kwanza ni Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi. Tangu Oktoba 2023 tiketi zake huandikwa jina la mtu, na mlangoni jina hilo hulinganishwa na kitambulisho. Tiketi mlizonunua zilikuwa na majina yaliyochukuliwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Mwanafunzi ambaye pasipoti yake ina majina matatu aliandikwa jina la utani analoitwa bwenini. Mwingine aliandikwa "Mama Junior". Mkaguzi aliisoma ile tiketi kwa sauti, akaitazama pasipoti, akaitazama tena tiketi, kisha akamrudisha nyuma. Nakala za pasipoti za wote mlikuwa nazo tangu wakati wa kuomba viza, tena mlizidai mara mbili mbili. Waliokataliwa waliishia kuzunguka nje, wakapiga picha kwenye Tao la Konstantino na kutusubiri juani. Majina yao, yale halisi, yapo kwenye kiambatisho.

La pili limeniudhi kuliko yote, ingawa kwa fedha ni dogo. Kipeperushi chenu kinatangaza "kutembelea Obeliski ya Axum, fahari ya Afrika ndani ya Roma". Ni kituo hicho kilichoifanya idara yetu iichague kampuni yenu na kuwaacha washindani wenu. Nguzo hiyo ilibebwa na jeshi la Mussolini kutoka Ethiopia mwaka 1937, ikasimamishwa Piazza di Porta Capena. Mkataba wa amani wa 1947 uliitaka Italia irudishe mali ilizochukua Ethiopia, na Waethiopia wakasubiri zaidi ya nusu karne. Hatimaye mwaka 2005 ilisafirishwa kwa ndege, ikiwa imekatwa vipande vitatu, na mwaka 2008 ikasimama tena mjini Axum, Ethiopia. Ninyi mlikuwa mnatuuzia kiingilio cha kitu ambacho hakipo Roma tangu wanafunzi hawa wakiwa watoto wadogo. Basi lilizunguka pale mara kadhaa, dereva akiuliza huku na kule, hadi mzee mmoja wa Kiroma akacheka na kutuambia turudi Afrika tukaione. Aliyeandika kipeperushi hicho alinakili kitabu cha zamani, na aliyekipitisha hakukisoma.

Mliahidi pia "nusu bei ya mwanafunzi kote". Kwenye makumbusho ya serikali ya Italia punguzo la vijana wa miaka 18 hadi 25 ni la raia wa Umoja wa Ulaya. Kitambulisho cha chuo cha Dar es Salaam hakikusaidia kitu Castel Sant'Angelo, ngome ya Roma iliyo makumbusho ya serikali, na vijana wakatoa fedha zao za chakula kulipa kiingilio kamili.

Najua mtanielekeza kwenye kipengele cha mkataba kinachosema ratiba inaweza kubadilika kwa sababu zilizo nje ya uwezo wenu. Ratiba haikubadilika, Ndugu Meneja. Ilifuatwa kama ilivyoandikwa, na kuandikwa kwake ndilo kosa.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo: mrejeshe viingilio vya Uffizi na Accademia kwa wanafunzi wote, gharama yote ya Colosseum kwa waliozuiwa, euro 5 za Venice pamoja na maelezo zilikokwenda, tofauti ya bei kati ya hoteli ya Mestre na hoteli ya Venice tuliyoilipia, gharama ya mwongozaji kwa nusu ya kundi iliyoachwa, fedha za gondola, na tofauti ya viingilio waliyolipa vijana mifukoni mwao. Hesabu kamili, risiti tulizonazo na picha za milango iliyofungwa zimeambatishwa. Aidha, kipeperushi kile kiondolewe, kwani tumesikia kuna chuo kingine kinajiandaa kulipa awamu ya kwanza.

Vocha ya punguzo la safari ijayo, ambayo ofisa wenu aliigusia kabla ya kukata simu, hatuipokei. Tunataka fedha, zilipwe kwenye akaunti ya kikundi ndani ya siku 21 tangu mpokee barua hii. Zikipita, suala hili tutalifikisha Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Wanafunzi wako tayari kutoa maelezo, na yule binti wa David amekwisha kuandika ya kwake, kurasa nne.

Wenu katika kazi,

Mratibu wa Safari ya Mafunzo

Nakala: Mkuu wa Idara, Mwakilishi wa wazazi
Viambatisho: mkataba, kipeperushi, ratiba, risiti, orodha ya majina, picha