Mvua ikikatika, usitoke mbio

Chumbageni, Tanga

Mwanangu,

Salamu zako zimenifika, na shikamoo yako, marahaba. Nimefurahi kusikia mmeshahamia hapo Bagamoyo na mjukuu wangu keshaanza kutambaa. Kilichoninyima usingizi ni ile picha uliyonitumia: mwembe mkubwa umeinamia uani, na laini ya umeme imepita katikati ya matawi yake. Na masika ndiyo haya. Nimepanda nguzo mpaka nikastaafu, kwa hiyo ninayokuandikia nayajua kwa kuyaona. Msomee na mumeo.

Nianze na huo mwembe. Mvua ikinyesha siku mfululizo ardhi hulegea, mizizi ikakosa pa kushikia, na hapo hata upepo wa kawaida unaung'oa mti mzima. Kaangalie chini ya shina, upande ule upepo unakotokea. Ukikuta ardhi imepasuka, au kila upepo ukivuma udongo unainuka na kushuka, huo mti unaondoka. Msilale chumba cha upande huo hata usiku mmoja. Uliza pia kama mizizi ilikatwa ukuta ulipojengwa. Kuupunguza si kazi ya kijana wa mtaani na panga lake, maana tawi bichi linapitisha umeme. Mwenye nyumba apeleke taarifa TANESCO, laini izimwe kwanza, ndipo watu wapande.

Radi zikianza kaeni ndani, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hilo najua utalifuata. Hofu yangu ni baada ya hapo.

Unajua watu wetu wa pwani: mvua ikikatika tu, watoto wako nje wanaokota nazi, kina mama wanakusanya makuti na kuni. Waya uliokatika unakuwa umelala humo humo chini ya majani, au kwenye dimbwi. Hautoi cheche, haulii, nyumba zote ziko gizani, na kila mtu anasema umeme umekatika. Usiamini. Waya ukilalia mchanga mkavu au matawi, umeme unaovuja unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba vifaa vya kukata laini havishtuki. Laini nyingine huzimika, kisha mtambo ukajaribu kuiwasha wenyewe baada ya sekunde chache. Na jirani akiwasha jenereta aliyoiunga vibaya, umeme wake unarudi mpaka kwenye nguzo. Kwa hiyo kila waya ulio chini uhesabu kuwa uko hai mpaka fundi wa TANESCO aseme kwa kinywa chake kwamba wameuzima. Vivyo hivyo bati au seng'enge iliyoguswa na waya huo.

Kaeni mbali, mita 10 kwa uchache. Umeme ukiingia ardhini unasambaa kama viwimbi vya maji palipotupwa jiwe, mkali katikati na unapungua kwenda nje. Ukipiga hatua ndefu, mguu mmoja unakuwa penye nguvu kubwa na mwingine penye ndogo, na umeme unapita mwilini mwako. Ukijikuta karibu, bananisha miguu, ondoka kwa kuburuza nyayo kidogo kidogo, zisiachane wala zisiinuke.

Mumeo na daladala yake: waya ukiangukia gari, asiteremke, na abiria wasiteremke hata wakipiga kelele. Ndani ndiko salama. Gari likishika moto tu ndipo waruke, mmoja mmoja, miguu pamoja, bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha waburuze nyayo vile vile.

Sasa hili ndilo lililonishikisha kalamu. Nimeona misiba ya watu wawili kwenye waya mmoja: wa kwanza alikanyaga, wa pili alikwenda kumvuta. Huruma ndiyo iliyomuua. Mwanangu, hata awe mumeo, usimguse aliyenaswa na waya wa nguzo. Wala usichukue mti mkavu kuuondoa huo waya. Laini kubwa ni za kilovolti 11 na 33, na ubao unaokukinga na volti 230 za ndani haukukingi na hizo. Zuia watu, piga 180 ya TANESCO na 114 ya Zimamoto, usubiri. Inauma kusimama unatazama, najua.

Aliyepigwa na radi ni tofauti kabisa. Yeye hana umeme mwilini, lakini ndiye watu wanayemwogopa kumgusa. Radi zikiwa bado karibu, msogezeni haraka ndani. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka, mpaka msaada ufike. Aliyenaswa na waya naye mfanyie hivyo, ila laini ikishazimwa. Msimnyweshe maziwa. Na akiinuka akasema yuko salama, bado apelekwe hospitali, kwa sababu moyo unaweza kuharibika mapigo baadaye.

Hizo namba mbili ziandike ukutani karibu na mita, wasaidizi wa nyumbani nao wazione. Na mwenye nyumba akisuasua juu ya huo mwembe, nitumie namba yake nizungumze naye mwenyewe.

Baba yako