Isome Kabla Hamjapanda Kitonga

Tabata, Dar es Salaam
Jumanne usiku

Mwanangu, baba yangu,

Barua hii nimeiweka juu ya hotpoti la sambusa, kwa sababu nawajua wewe na wenzako: hamtavuka Ruaha Mbuyuni bila kulifungua. Nataka uisome hapo, gari likiwa limesimama, kabla hamjaanza kupanda mlima Kitonga. Kama zamu ya usukani ni yako, mpe mwenzio.

Jana mlipokaa sebuleni kupanga mizigo uliniuliza mara mbili kama nimekasirika. Sikukasirika, baba. Nilikuwa nimefurahi tangu mlipoanza kuchanga zile hela mwezi wa pili, watu kumi na wanne, magari manne, kutoka Dar mpaka Johannesburg kwa barabara. Mimi kwa umri wenu mwisho wangu wa safari ulikuwa Kyela. Kilichoninyamazisha ni ile video. Yule rafiki yako mrefu aliponionyesha kwenye simu mnara wa Gold Reef City, watu wamefungwa kwenye viti, wanapandishwa juu kisha wanaachiwa, akasema, "Mama, ona, wanatumbukia mpaka ndani ya shimo la mgodi, tena mgodi wa kweli." Wote mkashangilia. Mimi chai ikapoa mkononi.

Ni mgodi wa kweli. Mahali pale palikuwa Crown Mines, na bustani yote ya michezo imejengwa juu ya shimo namba 14. Mnara unaangusha watu karibu meta 50, na meta 15 za mwisho ni ndani ya ardhi, walikopita wachimbaji. Kule, baba, ndiko Joni. Ndiko alikokwenda yule ambaye jina lake nimekupa wewe.

Sijakusimulia vizuri habari za babu yako, na hilo ni kosa langu. Ulikuwa unajua kwamba "alifanya kazi Bondeni", basi. Sikutaka kukulea kwa masikitiko. Lakini huwezi kwenda kucheza juu ya lile shimo bila kujua.

Babu alikuwa kijana wa Rungwe wa miaka ishirini na moja alipojiandikisha mara ya kwanza, mwaka 1954. Wakati huo Wenela, shirika la kuwaajiria watu migodi ya Afrika Kusini, walikuwa wanachukua vijana wa Kinyakyusa kama walivyochukua wa Nyasa, yaani Malawi ya leo, na wa Msumbiji, kwa mkataba, kwenda kuchimba dhahabu. Walipimwa uzito, wakasikilizwa kifua, wakaweka dole gumba kwenye karatasi ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma. Aliondoka kwa lori kuvuka Songwe, akapandishwa ndege mpaka Francistown, Botswana ya leo, na kutoka Francistown ni treni mpaka Johannesburg. Kijana ambaye hajawahi kupanda hata basi alipanda ndege. Alikuwa anatusimulia hilo kwa fahari kubwa, na mimi nilidhani, kama mtoto, kwamba baba yangu alikuwa mtu mkubwa sana serikalini.

Angalia ramani yenu. Kutoka Kazungula mnashuka Nata, halafu Francistown. Mtaweka mafuta palepale alipotelemkia. Sikuombi ufanye chochote pale, jua tu.

Mgodi wake haukuwa huo mnaokwenda, ulikuwa mwingine upande wa mashariki wa mji, lakini kazi ilikuwa moja. Wanashushwa kwenye kizimba cha chuma, wamebanana bega kwa bega, saa ambayo jua halijatoka, na wakipandishwa jua limeshazama. Huko chini kuna joto. Siku hizi kuna mgodi unaitwa Mponeng, magharibi ya Johannesburg, umefika karibu kilometa 4 kwenda chini, na jiwe lenyewe lina joto linalozidi nyuzi 60, mpaka wanapeleka barafu chini kupoza hewa. Enzi za babu hawakuwa wamefika huko, lakini alisema maji ya kunywa yalikuwa kama ya kuoga. Lugha ya kazi ilikuwa Fanagalo, mchanganyiko wa Kizulu na Kiingereza na Kikaburu, uliotengenezwa ili mtu aweze kutoa amri na mwingine aitii. "Checha!" Yaani haraka. Kumbe unakumbuka? Hilo ndilo neno nililokuwa nakuamshia kwenda shule. Nilirithi kwake, na mpaka nimekuwa mtu mzima nilidhani ni Kinyakyusa.

Alirudi, akaoa, akaenda tena mwaka 1957. Safari ya pili bibi yako alibaki na mimba ya mjomba wako mkubwa. Hakuna simu, na barua ikija inasomwa na mwalimu wa shule ya misheni mbele ya watu, kwa hiyo hata maneno ya mume na mke yalikuwa maneno ya kadamnasi. Miezi kumi na nane. Bibi anasema alikuwa akisikia lori tu barabarani anaacha jembe shambani. Babu aliporudi alishuka na sanduku la bati, blanketi mbili, cherehani ile unayoiona kwa shangazi, na jozi ya gambuti. Na kikohozi.

Baada ya Uhuru serikali ikafunga mlango wa kwenda kule, na hata usingefungwa, kifua chake kilikuwa hakiwezi tena. Ni vumbi la jiwe. Jiwe lenye dhahabu kule lina chembechembe ngumu kama kioo. Ukilitoboa zinapeperuka, ukizivuta zinakaa kwenye mapafu na hazitoki, mapafu yanajifunga kidogo kidogo kama kidonda kinavyofunga. Mtu anaweza kuishi nalo miaka ishirini. Babu aliishi nalo ishirini. Alifariki mwaka 1979, mimi nikiwa darasa la sita, na usiku wa mwisho nilikuwa nimelala chumba cha pili nikihesabu kikohozi. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha fidia kwa wachimbaji wa dhahabu waliougua ugonjwa huo, na kwa waliofiwa nao. Nilisoma habari ile kwenye gazeti nikiwa kwenye daladala, moyo ukanienda mbio. Inawahusu waliofanya kazi kuanzia mwezi wa tatu mwaka 1965. Nikakunja gazeti.

Sasa usije ukaniambia kwamba hutapanda ule mnara. Panda! Ndicho ninachotaka kukuambia tangu mwanzo wa barua hii na naona nimezunguka. Nakuomba upande, ufungwe mkanda, upige kelele mpaka sauti ikauke. Unakwenda kule kwa hela yako, na rafiki zako, umekaa kiti cha mbele, umechagua mwenyewe siku ya kwenda na siku ya kurudi. Babu yako alishushwa mle ndani kwa amri ya mtu mwingine kwa miaka karibu mitatu ukijumlisha safari zote mbili. Nataka mtu wa jina lake ashuke mle akiwa anacheka. Nimelifikiria hili usiku kucha na sina namna nyingine ya kulisema.

Ila mkitoka kwenye mnara, na kwenye ile rola kosta yao ya Anaconda inayobeba watu miguu ikining'inia hewani, msikimbilie tu kula. Pale pale kuna ziara ya mgodini. Wanakuvalisha kofia ngumu na taa, mnashuka kwa lifti, mnatembea kwenye njia za chini na mtu anayewaeleza. Nenda, hata kama wenzako watachoka, nenda peke yako. Ukifika chini shika ukuta kwa kiganja. Pia huwa wanacheza ngoma ya gambuti. Ile ngoma ilizaliwa migodini, wanapiga mabuti kwa viganja na kukanyaga chini kwa pamoja, na babu alikuwa anaicheza uani kwetu akiwa amekunywa pombe kidogo, peke yake, hakuna wa kumwitikia. Nirekodie yote, usikate katikati. Bibi hajawahi kuona ikichezwa na watu wengi.

Makumbusho ya ubaguzi wa rangi yapo jirani kabisa, ni hatua chache kutoka getini. Mkipata nafasi ingieni. Mtakuwa mmepita Morogoro asubuhi; pale Mazimbu ndipo ANC, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, walipokuwa na shule yao ya Solomon Mahlangu, na makaburi ya wakimbizi wao yapo mpaka leo, vijana wa umri wenu. Kwa hiyo mtu wa Tanzania akiingia pale si mgeni kabisa.

Kuhusu Sun City, ile hoteli ya starehe mtakayoipitia, sina mengi. Wakati wa ujana wangu lilikuwa jina la aibu, maana walilijenga mwaka 1979 ndani ya Bophuthatswana, kile kinchi cha bandia ambacho hakuna taifa lililokitambua isipokuwa Makaburu wenyewe, na mwaka 1985 wanamuziki wakubwa wa dunia waliapa hawatapiga muziki pale. Leo ninyi mnakwenda kuogelea, na mimi nawafungia sambusa. Ni sawa. Ila bwawa la mawimbi naliogopa kuliko mnara. Kwenye mnara umefungwa, mashine inajua kazi yake. Kwenye bwawa uko huru, na wewe kuogelea hujui vizuri hata ukatae. Maji yanakuwa yametulia, halafu mashine inasukuma mawimbi moja baada ya jingine, na watu ni wengi kiasi kwamba aliyezama anafichwa na wanaocheza. Usiende mbali zaidi ya kina cha kifua. Hujasahau Coco Beach, ukiwa na miaka tisa, siku baada ya Krismasi? Mimi nilikuwa natoa hela ya mihogo. Kugeuka sikuoni. Kijana muuza mihogo ndiye aliyekuvuta kwa mkono, na hakutaka hata shilingi moja ya shukrani. Kwenye yale mateleza marefu ya maji fanya wanavyosema wasimamizi: lala chali, mikono kifuani, miguu ipishane, na subiri aliyekutangulia aondoke kabisa. Mnaumizana kwa haraka, si kwa urefu.

Barabarani, haya tu. Mkirudi, Mikumi mwendo hamsini mpaka mtoke hifadhini, msidanganywe na barabara kuwa tupu. Kitonga kaeni mbali na malori. La mbele linaweza kurudi nyuma, la nyuma linaweza kukosa breki. Zambia msisafiri usiku, na kati ya Kazungula na Nata tembo wanavuka wanapotaka. Lile daraja la Kazungula piteni mchana mlione, lina meta 923 na limepinda kama upinde ili lisiguse Zimbabwe. Kabla ya mwaka 2021 magari yalikuwa yanavushwa kwa pantoni na malori yanalala foleni wiki nzima. Nyama ya kukausha iliyo kwenye mfuko wa kaki imalizeni Zambia. Botswana wanalinda ng'ombe wao, watawanyang'anya, na watawashusha mkanyage dawa kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Kadi ya homa ya manjano iko na pasipoti. Bima ya Komesa iko kwenye droo ya gari, nimeiona kwa macho yangu.

Na ombi moja, ndilo lililofanya niandike badala ya kusema, maana ningesema mbele ya wenzako ungeona haya.

Mmepanga kulala Mbeya. Mkifika Uyole, wenzako waendelee mjini, wewe kata kushoto uende Tukuyu. Ni saa moja na nusu hivi, barabara ni ya lami, na rafiki yako mwenye Prado amekubali, nimeshaongea naye, usimlaumu. Bibi ana miaka themanini na saba. Nilipomwambia kwa simu kwamba unakwenda Joni alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Halafu akauliza, "Amesaini miezi mingapi?" Nikamwambia hajasaini, mama, anakwenda kutembea, siku kumi na sita, anarudi. Akauliza tena vilevile.

Kaa naye. Mwonyeshe tiketi za michezo kwenye simu, mwonyeshe tarehe ya kurudi, mwekee kidole kwenye kalenda ile ya kanisani iliyo ukutani. Mwache akushike kifua kama atataka kukushika. Usiku msikilize akikuambia habari za lori, hata kama utakuwa umeshazisikia hapa. Asubuhi atakupa karanga na ndizi mbichi, pokea zote, hata kama gari limejaa.

Gambuti za babu ziko chini ya kitanda chake. Ukimwomba atakutolea. Miguu yenu ni saizi moja.

Mama yako