Barua kwa vijana wa Dodoma mnaoandika programu

Wanangu, mlioko CIVE, koleji ya kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na mlioko mitaani mkijifunza kwa simu na bando la kuungaunga,

Shikamoo zenu nimezipokea. Mmekuwa mkiniuliza mtu afanye nini mpaka afikie kazi ya injini ya kivinjari, yaani ile sehemu ya ndani ya Chrome au Firefox inayogeuza ukurasa wa mtandao kuwa mnachokiona kiooni, na wengine mnauliza kama inalipa. Inalipa. Hilo nalimaliza hapa hapa, maana silo linalonikosesha usingizi. Linaloniuma ni kuona vijana wenye akili nzuri wakihama kila baada ya miezi michache: leo programu za simu, kesho akili mnemba, keshokutwa sarafu za mtandaoni, na hakuna sehemu hata moja waliyoichimba mpaka wakaijua kwa mizizi. Ushauri wangu ni huu: chagueni sehemu moja, hata iwe ndogo, mkae nayo miaka.

Chukueni jambo linaloonekana dogo kabisa, kukata mstari. Ukurasa ukifika kwenye simu, injini inausoma na kuujenga kuwa mti wa vipengele, inatafuta kanuni za mtindo zinazokihusu kila kipengele, inapima kila kisanduku kikae wapi, ndipo inachora. Kwenye kioo kinachoonyesha picha 60 kwa sekunde, injini ina takriban milisekunde 16 tu kwa kila picha. Ndani ya kupima huko limo swali: neno lisipoenea kwenye mstari, likatwe wapi? Kiswahili chetu hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. Andikeni "tutakapowatembelea" kwenye safu nyembamba ya simu ndogo, muone linavyorukia mstari wa chini na kuacha pengo kubwa juu yake, au linavyochomoza nje ya kisanduku. Ili likatwe vizuri, mwandishi wa ukurasa sharti atangaze kwamba lugha yake ni sw, kifupi cha Kiswahili, na kivinjari kiwe na kanuni za kukata silabi za lugha hiyo. Za kwetu ni nyepesi kuliko za Kiingereza, kwa kuwa silabi nyingi huishia na irabu, lakini mitego ipo: "labda" hukatwa baada ya b, na ng' ya ng'ombe ni sauti moja, haitenganishwi. Mhandisi aliyekulia London atayajua wapi hayo? Wewe wa Kongwa au Mpwapwa umeyanyonya na maziwa ya mama. Hapo pana kazi ya kumtosha mtu, na kila asomaye Kiswahili atafaidika nayo.

Na milango iko wazi. Blink (ya Chrome), WebKit (ya Safari) na Gecko (ya Firefox), injini tatu zinazobeba karibu vivinjari vyote mnavyovijua, misimbo yake, yaani maandishi yenyewe ya programu, husomwa na yeyote. WebKit ilichipuka kutoka KHTML, kazi ya KDE, jumuiya ya waandishi wa programu huria iliyojaa watu wa kujitolea. Apple waliichukua wakaitumia kutoa Safari, kivinjari chao, mwaka 2003, na mwaka 2013 Google wakachepuka na tawi lao wakaliita Blink. Kwa hiyo asiwaambie mtu kwamba kazi ya kujitolea ni ya kupoteza muda.

Msikimbilie kuandika injini yenu. Anzeni na majaribio. Iko hazina ya pamoja inayoitwa Web Platform Tests, ambamo injini zote hupimwa kwa mizani ileile. Jaribio moja fupi linaloonyesha hitilafu waziwazi humfurahisha mhakiki, yule anayekagua msimbo kabla haujapokelewa, kuliko barua ndefu ya kujieleza. Na kabla ya kugusa, someni. Msimbo wa watu ni kama nyumba ya watu: bisha hodi, kaa, angalia wanavyoishi, ndipo uanze kuhamisha vyungu. Msihangaike kupakua Chromium nzima, msimbo huria ambao Chrome imejengwa juu yake, kwa bando, ni makumi ya gigabaiti. Tovuti ya Searchfox inawaruhusu kuupekua msimbo wa Firefox mstari kwa mstari, pamoja na historia ya nani alibadilisha nini na kwa nini. Historia hiyo ndiyo mwalimu wangu mkubwa kuliko darasa lolote nililokaa.

Sasa kuhusu ajira, na hapa naomba mnisikilize sana. Mozilla, wenye Firefox, walianzisha injini ya majaribio, Servo, kwa lugha ya programu iitwayo Rust. Sehemu yake ya kukokotoa mitindo iliingia Firefox mwaka 2017. Agosti 2020 kampuni ikapunguza wafanyakazi wapatao 250, na timu ya Servo ikawa miongoni mwa walioguswa. Watu wenye ujuzi wa kupigiwa mfano walifunga virago. Ila msimbo haukufungiwa stoo: mwaka huohuo mradi ulihamia Linux Foundation, shirika linalolea miradi ya programu huria, na mwaka 2023 wahandisi wa kampuni ya Igalia wakaanza kuusukuma upya. Kibali cha mlangoni ni cha mwajiri, atakichukua siku atakayotaka. Ulichokielewa hawezi kukichukua, na kiraka chako, yaani rekebisho la msimbo, kilichopokelewa kitabaki na jina lako. Jengeni juu ya hivyo viwili.

Jambo la nyumbani nalo nalisema bila kuficha. Saa tatu usiku Dodoma, kule California ni saa nne au saa tano asubuhi, ndiyo kwanza wamechangamka. Usipoweka mpaka, kila usiku wako utaliwa na vikao, na watoto watakujua kwa mgongo. Mke wangu aliweka sharti kwamba Jumamosi jua likizama kompyuta inafungwa mpaka Jumapili baada ya ibada. Nililishika, na hakuna mhakiki aliyewahi kunifukuza kwa sababu ya kujibu Jumatatu. Mtakaooa na mtakaoolewa, semeni haya mapema, kabla ya mahari. Na wazee wenu waelezeni mnachofanya kwa kuwaonyesha simu, si kwa maneno makubwa.

Wanaotaka kulianza lile la silabi, waje kwangu Jumamosi mchana. Kila mtu aje na maneno marefu aliyoyakuta yakivunjika vibaya kwenye habari au fomu za serikali, na mwenye simu kuukuu kuliko zote aje nayo, maana tutaanzia kwenye hiyo.

Mzee wenu