Nyoka Wako Wamelaliana? Usiseme Wanapendana Bado

Picha tunayotumiwa na wateja mara nyingi kuliko zote ni hii: chatu wawili kwenye kizimba kimoja, mmoja kamlalia mwenzake, na chini yake maneno "ona wanavyopendana!" Inapendeza, hatukatai. Ila kabla ya kusema lolote huwa tunauliza: upande wa joto una maficho mangapi? Jibu kwa kawaida ni moja. Basi hapo hakuna mahaba, kuna sehemu moja nzuri inayogombaniwa na wawili.

Nyoka hutegemea joto la nje. Chatu wa aina ya Python regius (ball python kwa Kiingereza) akishameza panya, hutafuta penye nyuzijoto 31 hadi 33 ili chakula kisagike. Akimkuta mwenzake pale, hapigi kelele wala hang'ati, anampanda tu. Kama joto linatoka kwenye taa ya juu, aliyelaliwa anaambulia kivuli.

Weka maficho ya pili yanayofanana kabisa na ya kwanza, joto lilelile, uwaache siku kadhaa. Wakitengana, jibu umelipata. Wasipotengana, usishangilie bado. Mtazame yule anayeshinda upande wa baridi hata baada ya kula, anayesugua pua kwenye kioo mpaka inachubuka, anayekataa panya huku mwenzake akinenepa. Wenye nyoka humwita mpole. Sisi tunamwita aliyeonewa, na mizani ndiyo shahidi wetu.

Wakijisokota na kuinua vichwa, kila mmoja akitaka kumlaza mwenzake chini, hao huenda ni madume wanaopigana mieleka. Wengi hudhani wanajamiiana, ndiyo maana tunahakikisha jinsia kwanza.

Kwenye chakula ndipo hatuna mzaha. Meno ya nyoka yamepinda kuelekea kooni, kwa hiyo kilichoingia hakitoki kirahisi. Wawili wakimkamata panya mmoja, huku na huku, vinywa hukutana katikati na mmoja anaweza kuendelea kummeza mwenzake. Na kama unafuga nyoka wa jenasi ya Lampropeltis (kingsnake kwa Kiingereza), hiyo wala si ajali: porini hula nyoka wenzao, hata wenye sumu. Huyo akae peke yake, hakuna mjadala.

Wapo wanaopenda kundi kweli. Nyoka wa jenasi ya Thamnophis (garter snake kwa Kiingereza) hukusanyika kwa makumi ya maelfu kwenye mashimo ya mawe ya chokaa huko Narcisse, Manitoba, nchini Kanada, ili kuvuka majira ya baridi. Hata hao, hatumchanganyi mdogo na mkubwa, na kila mmoja tunamlisha kivyake.

Ukitaka tuwasome nyoka wako, picha haitoshi. Tuletee video ya usiku, maana chatu wengi huamka giza likiingia, pamoja na uzito wa kila mmoja na tarehe alizokula. Ukikuta matapishi na hujui ni ya nani, usisubiri majibu yetu: watenganishe usiku huohuo, kila mmoja na maji yake, maficho yake na karatasi nyeupe chini, ili kitakachotoka kijulikane ni cha nani. Kugawa kizimba kwa ubao tunakubali pia, ilimradi kila upande ubaki na sehemu yake ya joto na ya baridi. Ubao ukikatisha katikati, mmoja akabaki na taa yote, umewatenganisha kwa macho tu.