Diski umeichomoa?

Mwanangu Salim,

Assalamu alaikum. Huku Langoni sote wazima, ila tangu Ijumaa usingizi wangu wa mang'amung'amu. Nimepata habari za jirani yako mwenye nyumba ya wageni. Karani wake alifungua barua pepe iliyojifanya risiti ya mgeni, na kabla ya adhuhuri kila faili limebadilika jina, halifunguki. Kwenye skrini limebaki tangazo tu: lipa kwa bitcoin upewe ufunguo.

Diski ya nakala umeichomoa? Nakujua, utanijibu nakala unayo. Ikishinda imechomekwa kwenye kompyuta hiyo si nakala, kwani kirusi kikiingia hukifunga kila kilichoungwa nayo. Kampuni ya meli za mizigo ya Maersk, pamoja na meli zao zote, mwaka 2017 kirusi cha NotPetya kiliwaangushia kompyuta dunia nzima, na kilichowaokoa ni mashine moja ya Ghana iliyokuwa imezimika kwa sababu umeme ulikatika. Umeme kukatika, mwanangu! Na kirusi kile hata ukilipa, ufunguo hakuna.

Watu wa Shela mpaka leo wananiambia wewe ndiye uliyewafundisha kupokea wageni kwa intaneti. Nafurahi sana. Lakini mtu huyo huyo kila Windows ikiomba kusasishwa anabonyeza "baadaye". Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft walishaliziba tangu Machi. Sasisha leo.

Mwaka jana ulipotaka diski ya pili nilisema pesa ziende kwenye injini ya boti. Injini inafanya kazi. Basi. Nimekutumia elfu saba kwa M-Pesa, usizinunulie kitu kingine. Moja ikae nyumbani, moja ofisini, zibadilishane kila Ijumaa, na mara moja moja fungua faili uone kama linafunguka kweli. Ikitokea balaa, kabla hujanipigia, chomoa waya wa intaneti na uzime waifai. Halafu usikimbilie kulipa.

Dari ya chumba cha juu inavuja tena, boriti moja imeoza. Baba yako anasema atapanda mwenyewe. Mpigie umkataze, mimi hanisikii.

Kesho alfajiri kuna basi Mokowe. Nimempa utingo mikoba miwili ya mikate ya mofa na samaki wa kukaanga: wa kijani wako, mweupe wa shangazi yako. Ukiupokea nipigie, na uniambie umeichomoa.

Mama yako