Barua ya malalamiko: nililipia SSD ya GB 512, nimefungiwa ya GB 256

Kibaha, Pwani
18 Novemba 2025

Meneja,
Kitengo cha Mauzo na Matengenezo ya Kompyuta,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUFUNGIWA DISKI PUNGUFU, KUTORUDISHIWA DISKI YA ZAMANI NA KUPIGIWA WINDOWS BILA RIDHAA YANGU

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilileta kwenye duka lenu la Kariakoo kompyuta yangu mpakato, HP EliteBook 840 G3, ili iongezewe uwezo. Kijana wa kaunta aliandika kwa mkono wake, kwenye fomu yenu ya mapokezi, yale tuliyokubaliana: kutoa "hadi diski" (diski ya zamani yenye sahani inayozunguka) ya GB 500 na kufunga SSD (diski ya kisasa isiyo na sahani) ya GB 512, kuongeza kadi ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8 juu ya ile ya GB 8 iliyokuwemo, kunakili diski nzima kama ilivyo kwenda kwenye SSD, kusafisha feni na kubadilisha pesti ya kupoozea prosesa, na diski ya zamani nirudishiwe mwenyewe. Siku ya kuchukua nililipa fedha yote nikapewa risiti ya EFD. Nakala za fomu na risiti nimeziambatanisha.

Katika hayo yote, lililofanyika kama lilivyoandikwa ni moja tu, la RAM.

Kila nilipolalamika kaunta nilijibiwa, "Mama, mashine hii imeshazeeka, chukua nyingine tukupunguzie bei." Naomba basi nieleze kwanza kwa nini sikutaka nyingine. Kompyuta hii ni ya mwaka 2016, ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha sita. Kioo chake kizima, kibodi nzima, na kwa kazi zangu za kuandaa masomo, kutunga mitihani na kujumlisha alama, prosesa hiyo inanitosha kabisa. Ilichokuwa nacho ni uzito: kuiwasha ni kusubiri, kufungua jedwali la alama za kidato kizima ni kusubiri tena, na mara nyingine inaganda. Mwenzangu anayefundisha TEHAMA aliikagua, akanionyesha kwamba muda inapoganda prosesa imekaa haina kazi huku matumizi ya diski yamesimama kwenye asilimia 100. Tatizo lilikuwa palepale. Hadi diski ile ina sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja huchukua kama milisekunde 8, na kila faili dogo linapoitwa kichwa cha kusomea lazima kihame na kusubiri sahani ifike. Windows ikiwaka huita maelfu ya mafaili madogo. SSD haina kinachozunguka. Hujibu kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Ndiyo maana mashine iliyozeeka ikibadilishiwa diski hiyo moja huonekana mpya, na ndiyo maana nikaamua kutumia fedha yangu hapo badala ya kununua kompyuta nyingine kwa bei ya mara nne au tano.

Na kweli, ilipotoka kwenu ilikuwa inawaka upesi. Hilo silikatai. Lakini wepesi huo ndio unaomfanya mteja aondoke ameridhika bila kuangalia alichofungiwa, kwa sababu SSD ya GB 256 nayo huwasha kompyuta haraka sawasawa na ya GB 512.

Nilipofungua orodha ya diski nyumbani, Windows ilionyesha diski yenye ukubwa wa GB 238. Nilirudi dukani. Fundi wenu akaniambia mbele ya wateja wengine kwamba ni kawaida, kwamba SSD ikishafomatiwa na kuwekwa Windows hupungua, na kwamba nusu hiyo nyingine "imeliwa na mfumo". Ndugu Meneja, maelezo hayo si ya kweli na fundi wa kompyuta hawezi kukosa kulijua hilo. Kupungua kupo, ila kuna hesabu yake. Watengenezaji wa diski huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu GB moja kuwa baiti 1,073,741,824. Chukua 512 ya mtengenezaji uigawe kwa kipimo cha Windows, unapata kama 477. Chukua 256, unapata 238. Namba niliyoiona kwenye kioo ni 238. Tena huo ni ukubwa wa diski nzima, kabla ya kuhesabu nafasi iliyochukuliwa na Windows na mafaili, ambayo huonyeshwa mahali pengine. Hakuna namna ya kufomati itakayoifanya diski ya GB 512 isomeke 238.

Nilimwomba fundi afungue kava la chini tuangalie pamoja. Akakataa, akasema nikigusa stika iliyobandikwa juu ya skrubu waranti imekufa. Kwa hiyo tulifungua shuleni, mimi na mwenzangu wa TEHAMA, tukipiga picha kila hatua. Lebo ya SSD iliyomo ndani imeandikwa 256GB, herufi nyeusi, inasomeka bila shida. Picha ni kiambatisho cha tatu. Sikubali kwamba kwa kufungua mali yangu ili kuthibitisha nilichouziwa nimepoteza haki ya kudai. Stika ya waranti ingekuwa na maana kama ingelinda kazi nzuri iliyo ndani. Hapa imelinda kisichoandikwa kwenye risiti.

Kwenye risiti, mstari wa SSD ya GB 512 ni shilingi 160,000. Kwenye ubao wenu wa bei, ambao nao nimeupiga picha, SSD ya GB 256 ni shilingi 95,000. Lakini kwangu upungufu huu hauishii kwenye shilingi 65,000. Mafaili na programu zangu zilikuwa zimejaza zaidi ya GB 200 kwenye diski ya zamani. Kuziweka kwenye diski ya 238 ni kuijaza hadi pomoni, na SSD iliyojaa hupungua kasi na huchakaa mapema, kwa kuwa haiwezi kuandika juu ya data ya zamani moja kwa moja; lazima ifute fungu zima la seli kwanza, na ikikosa nafasi tupu hubaki inahamisha data huku na kule. Nililipia 512 kwa sababu hiyo, nikamweleza kijana wa kaunta, na yeye mwenyewe akasema ni uamuzi mzuri.

Sasa nije kwenye lile linaloniumiza zaidi ya fedha.

Diski yangu ya zamani sijarudishiwa. Kwanza niliambiwa iko stoo, kisha niliambiwa imekufa ikatupwa, kisha nikaambiwa kwamba spea zinazotolewa hubaki kwa fundi, "ndiyo utaratibu". Utaratibu huo haupo kwenye fomu niliyosaini. Kwenye fomu kumeandikwa irudi kwa mwenyewe. Na haikuwa imekufa: niliwaletea kompyuta inayowaka, na baadhi ya mafaili yangu mmeyahamisha kutoka humohumo.

Nasema baadhi. Diski ile ilikuwa na sehemu mbili, C na D. Fundi hakunakili diski nzima kama tulivyoandikiana. Alipiga Windows upya, akahamisha kilichokuwa kwenye folda ya Documents na kwenye uso wa kompyuta (Desktop), basi. Sehemu ya D yote imeachwa. Humo ndimo ninamoweka alama za wanafunzi wa madarasa yangu, taarifa za maendeleo yao, namba za simu za wazazi, na barua kuhusu watoto wenye matatizo ya kiafya na ya nyumbani ambazo hata walimu wenzangu hawazioni. Alama za muhula uliopita ninazo kwenye flashi. Za muhula huu zimo kwenye diski hiyo ambayo hakuna anayeniambia iko wapi, na wakati naandika barua hii tunakaribia kufunga ripoti za mwisho wa mwaka.

Naomba mlitazame jambo hili kwa uzito wake. Diski iliyofomatiwa haraka haijafutwa. Kinachofutwa ni orodha tu, yaliyomo hubaki palepale hadi yaandikiwe juu, na programu za bure za kurejesha mafaili zinaweza kuyatoa. Hapo dukani nimeona mnauza hadi diski zilizotumika na kompyuta zilizofungwa hadi diski zilizotumika. Kama yangu imeuzwa, kuna mtu asiyejulikana anayetembea na siri za watoto wa watu. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo. Wazazi walinipa mimi taarifa hizo. Hawakuzitoa kwa duka lolote.

Kuhusu Windows nitasema machache. Niliwaletea kompyuta yenye Windows 10 Pro halali, ambayo leseni yake ya kidijitali imefungamana na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), pamoja na Office niliyoinunua. Nilijua kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na nilimwambia kijana wa kaunta kwamba nitajiunga na mpango wao wa masasisho ya ziada ya usalama, unaofika Oktoba 2026, halafu nitahamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Nimerudishiwa mashine yenye Windows 11. Prosesa ya kizazi cha sita haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika na Windows 11. Kwa Intel orodha hiyo huanzia kizazi cha nane, ukiacha chache za kizazi cha saba. Kwa hiyo fundi alikwepa ukaguzi ili iingie, na Microsoft wenyewe wanasema mashine iliyoingizwa hivyo haina uhakika wa kupata masasisho. Hakuniuliza wala hakuniambia.

Office yangu nayo imeondolewa, ikawekwa iliyochakachuliwa. Mwenzangu alipofungua mipangilio ya usalama alikuta folda moja imewekwa kwenye orodha ya vitu ambavyo kinga ya virusi haitakiwi kuvikagua, na ndani ya folda hiyo kuna programu ya kuchakachulia leseni. Yaani mlango umeachwa wazi kwa makusudi, kwenye kompyuta ninayotungia mitihani. Tumeitoa mara moja. Siwezi kukubali kwamba hii ni zawadi kwa mteja, kama alivyoniambia fundi.

Feni haikusafishwa. Tulipofungua kava tulikuta vumbi limegandamana kati ya feni na mapezi ya kupoozea, zito kama blanketi, na pesti iliyochomoza pembeni ya prosesa imekauka na kupasuka. Huduma hiyo kwenye risiti ni shilingi 25,000.

Ninachotaka ni hiki. Nirudishiwe diski yangu ya zamani, ileile, ambayo namba yake ya utambulisho ninayo kwenye picha niliyopiga kabla ya kuwaletea mashine. Hili ndilo la kwanza na halibadilishiki kwa fedha. Kama imeuzwa au imepewa mtu, nijulishwe kwa maandishi ni lini na kwa nani, nami niwataarifu wazazi na uongozi wa shule. Pili, nifungiwe SSD ya GB 512 niliyolipia, mbele yangu, na diski yangu ya zamani inakiliwe nzima kwenda humo, pamoja na Windows 10 na Office yangu kama zilivyokuwa. Au, kama hamwezi, nirudishiwe fedha yote ya SSD na ya kazi nami niwaachie hiyo ya 256. Tatu, fedha ya kusafisha feni irudi. Sihitaji msafishe tena, tumeshafanya wenyewe kwa brashi na pesti mpya.

Nina ombi jingine ambalo si la kwangu peke yangu. Mteja anapochukua kompyuta iliyofunguliwa, aonyeshwe pale kaunta kilichoingia na akabidhiwe mkononi kilichotoka. Kuonyesha ukubwa wa diski na RAM kwenye kioo hakuchukui hata dakika mbili. Watu wengi wanaokuja kwenu ni walimu, wanafunzi wa vyuo na wenye ofisi ndogo waliodunduliza ili kompyuta ya zamani iwavushe miaka mingine mitatu, na wengi wao hawana mwenzao wa TEHAMA wa kuwafungulia kava.

Nitasubiri majibu yenu kwa maandishi hadi tarehe 28 Novemba 2025. Baada ya hapo nitapeleka malalamiko haya, pamoja na viambatisho vyote, kwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 kwa upande wa diski pungufu, na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa upande wa diski ya zamani. Nikipigiwa simu kuhusu diski hiyo hata kesho asubuhi, nitakuja Kariakoo kesho hiyohiyo.

Wenu mteja,

Mwalimu wa sekondari, Kibaha

Viambatisho: nakala ya fomu ya mapokezi, nakala ya risiti ya EFD, picha za ndani ya kompyuta na lebo ya SSD, picha ya ubao wa bei, picha ya diski ya zamani yenye namba yake.