Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka jana nilisimama mbele yenu kuomba radhi. Tulikwenda New Hampshire, Marekani, watu saba kwenye mbio za Ski to the Clouds, tukidhani pumzi za mbio za barabarani zingetutosha. Wanne hawakumaliza. Safari hii tumekwenda tisa, na wote tisa wamefika.

Kwa waliojiunga karibuni: ni mbio za skii, yaani mbao nyembamba za kutelezea juu ya theluji, za kilomita 10. Nne za mwanzo ziko kwenye njia za Great Glen, chini ya Mount Washington. Sita zilizobaki zinafuata barabara ya magari ya mlima wenyewe, ikiwa imefunikwa theluji, mwinuko wa asilimia 12 hivi, na hupati mahali pa kuvuta pumzi. Kileleni kule upepo ulipimwa kilomita 372 kwa saa mwaka 1934. Sisi hatufiki kileleni, lakini baridi yake inatushukia. Mwaka 1996 Daniel Kihara wa Kenya aliipanda barabara hiyo mpaka juu kwa miguu, mwezi Juni, chini ya saa moja. Mazoezini jina lake tulilitaja sana, hasa miguu ilipogoma.

Kosa letu la zamani lilikuwa papara. Tulikuwa tukipanda vilima kwa kasi, nusu dakika kila mara, tunahema, tunajisifu. Tangu Septemba tukabadilisha. Kila Jumatano jioni tulikwenda kwenye kilima kile kile nyuma ya tangi la maji, bila skii, fimbo mkononi: dakika nne kupanda kwa hatua ndefu, kushuka kwa kutembea, mara tano. Novemba tukafanya mara sita. Kuhusu kutembea wakati wa kushuka palikuwa na ubishi mkubwa, vijana wakiona ni uvivu. Msimamo wangu ni ule ule: mbio zetu ni za kupanda, na mapaja yakichakaa kwa kushuka, siku ya kupanda huna miguu.

Theluji ilipokuja Januari, aliyetufundisha ni dada yetu aliyekulia kwenye vilima vya Bukavu, ambaye skii alizivaa mara ya kwanza msimu huu. Nilimfuata nyuma siku moja. Uzito wote juu ya skii moja, anatulia kidogo, anahamia nyingine. Fimbo zake zilikuwa zinagonga barafu kwa mdundo mmoja tangu chini hadi juu, na mimi niliyeanza kwa nguvu nikaachwa kwenye kona ya tatu.

Jambo moja lilituumiza. Mwenzetu alivaa fulana ya pamba ndani. Alipomaliza, jasho likapoa mwilini papo hapo, na vidole viwili vikawa vyeupe kabla hatujampatia nguo kavu. Amepona, tunashukuru Mungu. Lakini kukagua mavazi ni kazi ya uongozi, na hatukukagua. Kuanzia sasa kila mmoja atabeba fulana kavu na glavu za akiba kiunoni, na mwenye pamba hatapanda.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi naomba mkutano uidhinishe jozi sita za fimbo, kwa kuwa tulizoazima tumesharudisha.

Mazoezi yanaanza Jumatano ijayo, saa kumi na mbili jioni, pale kwenye tangi. Giza linaingia mapema, njooni na taa za kichwani.